Tafakari ya Wiki: Mfundishe Mtoto Kutafuta

Somo: Ezra 5:1 – 6:15



Somo letu wiki hii ni kisa ambacho sisi wahubiri hukipita haraka kwa sababu hakina muujiza. Hakuna bahari inayogawanyika wala moto unaoshuka. Kuna barua za serikali na hati isiyojulikana iliko. Lakini ujenzi wa hekalu la Yerusalemu ulikuwa ukingoja hati hiyo, na aliyeitafuta mpaka akaipata hata jina lake hatukuachiwa.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 538 kabla ya Kristo, mfalme Koreshi wa Uajemi aliwaruhusu Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli warudi kwao wakaijenge upya nyumba ya Mungu. Walianza, wakapingwa, kazi ikasimama. Mwaka 520, miaka kama 18 baadaye, manabii Hagai na Zekaria waliwahimiza watu, nao wakarudi kwenye mawe na mbao zao. Ndipo akaja Tatenai, liwali wa ng'ambo ya Mto Frati, akawauliza ni nani aliyewapa ruhusa.

Liangalieni jibu la wazee wa Wayahudi. Wangeweza kumwambia liwali kwamba nabii amesema, wakaishia hapo, na ni kweli nabii alikuwa amesema. Lakini kwa mtu asiyemjua nabii wao walitoa jibu linaloweza kukaguliwa: amri ilitolewa na Koreshi, katika mwaka wake wa kwanza, na vyombo vya dhahabu na fedha vikakabidhiwa mtu aitwaye Sheshbaza. Aliyeamuru ni nani, mwaka gani, na nani alipokea. Tatenai naye hakukata shauri kwa kusikia maneno ya watu. Alimwandikia mfalme Dario, akaomba kumbukumbu za Babeli zikaguliwe. Dario akaamuru zitafutwe. Hati yenyewe ilipatikana kwingine kabisa, katika ngome ya Ekbatana, nchi ya Wamedi, mamia ya kilomita kutoka Babeli. Ilieleza yote: kimo cha hekalu na upana wake, safu tatu za mawe na moja ya mbao, na gharama itoke katika hazina ya mfalme. Dario akamwagiza Tatenai asiizuie kazi ile, tena aigharamie kwa kodi za jimbo lake. Mwaka 515 hekalu likakamilika.

Neno la nabii liliirudisha kazi, na hati iliyotafutwa ikailinda. Mungu alivitumia vyote viwili. Kwa sababu hiyo naomba wiki hii tuwatazame watoto wetu wa Migori na Homa Bay, na tujiulize kama tunawafundisha kutafuta au tunawatuma tu.

Kazi ya Jumapili jioni

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wazazi wengi wanaijua hali hii. Ibada imekwisha, sare za shule ziko kwenye kamba, kisha mtoto anakumbuka kwamba mwalimu aliwataka waje na maelezo kuhusu samaki wa Ziwa Victoria, na picha juu yake. Mama anakusanya sarafu, mtoto anakimbia saiba kabla haijafungwa. Kijana wa saiba anaandika neno moja kwenye kompyuta, anachapisha ukurasa wa kwanza unaojitokeza, anapokea pesa zake. Jumatatu karatasi inafika mezani kwa mwalimu. Mtoto hajaisoma. Mama hajaisoma. Kijana wa saiba naye hajaisoma. Huenda inaeleza samaki wa Bahari ya Atlantiki, wala hakuna neno kuhusu ngege, mbuta au omena.

Simlaumu mama huyo, wala mwalimu mwenye darasa lililofurika. Mtaala wenyewe una nia njema: miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi unaotajwa humo, kuna kujifunza namna ya kujifunza na kuna ujuzi wa kidijitali. Serikali nayo ilianza kupeleka tabuleti katika shule za msingi mwaka 2016. Tatizo ni kwamba kumwambia mtoto "nenda ukatafute" bila kumwonyesha namna ya kutafuta ni kumkabidhi mtumbwi bila kasia na kumtuma kisiwani Mfangano.

Mnamkumbuka towashi wa Ethiopia katika Matendo ya Mitume sura ya 8. Alikuwa na gari lake, alikuwa na chuo cha nabii Isaya mikononi, na kusoma alijua, kwa maana Filipo alimsikia akisoma. Filipo alipomuuliza kama anayaelewa anayosoma, alijibu kwa unyofu kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza, akamkaribisha apande. Filipo akapanda, akaketi naye. Vifaa towashi alikuwa navyo tayari. Alichokosa ni mtu wa kuketi kando yake, na watoto wetu wengi wamekosa hichohicho.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue kazi ambayo mwalimu yeyote wa Migori anaweza kuitoa: Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizoko Nyatike, zilizopangwa bila chokaa wala saruji na bado zimesimama.

Kwanza mtoto asaidiwe kupata swali. "Andika kuhusu Thimlich Ohinga" si swali, na mtoto akianzia hapo atanakili chochote atakachokuta. Lakini akiuliza kuta hizi zilikuwa za kuwakinga watu na mifugo dhidi ya nini, au mawe yasiyounganishwa yamewezaje kusimama karne kadhaa, tayari anajua anachokitafuta na ataking'amua akikiona. Tatenai hakuandika akiomba habari za Wayahudi kwa jumla. Aliuliza jambo moja: je, Koreshi alitoa amri hii?

Pili, afikirie jibu linaweza kuwa wapi. Huenda liko kwa mzee anayeishi jirani na kuta hizo, au kwa mtumishi wa Makavazi ya Kitaifa anayezitunza, au katika kitabu. Hapa ndipo maktaba inapoingia. Kenya imekuwa na sheria ya kuunda huduma za maktaba za kitaifa tangu mwaka 1965, na katika Kaunti ya Migori kuna maktaba ya huduma hiyo pale Awendo. Mtoto akiingia mara ya kwanza ataona safu za vitabu na namba ndogo mgongoni mwa kila kimoja, aogope. Mwambieni namba zile zina mpango. Mmarekani Melvil Dewey aliuchapisha mwaka 1876, akayagawa maarifa yote katika mafungu kumi. Dini ni 200. Sayansi ni 500, na ndani yake samaki wako 597. Kilimo ni 630. Historia na jiografia ni 900, na historia ya Kenya iko 967.62. Mtoto aliyeuelewa mpango huu anaweza kuingia maktaba ya Awendo, ya Kisumu au ya Nairobi asimjue mtu yeyote mle ndani, na bado akaifikia rafu anayoitaka. Akikwama, amwulize mkutubi. Hiyo ndiyo kazi ya mkutubi, na kumwuliza si aibu.

Tatu, kitabu kikishapatikana, asianze ukurasa wa kwanza akaenda mpaka wa mwisho. Aangalie yaliyomo mbele, na faharasa nyuma iliyopangwa kwa alfabeti. Kisha atazame mwaka wa kuchapishwa, jambo ambalo hata sisi watu wazima hulisahau. Kitabu cha mwaka 2012 kitamwambia Kenya ina maeneo sita katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Cha mwaka 2019 kitamwambia saba, kwa sababu Thimlich Ohinga iliingizwa mwaka 2018. Leo ni manane, kwa kuwa magofu ya Gedi yaliongezwa mwaka 2024. Vitabu vile havikudanganya. Kila kimoja kilisema kweli ya mwaka wake, na mtoto asiyeutazama mwaka atabishana bure na mwenzake.

Nne, atafute shahidi wa pili. Torati ilikataza mtu kuhukumiwa kwa ushahidi wa mmoja, na Mithali 18:17 inatuonya kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Ukurasa wa kwanza wa saiba ndiye huyo msemaji wa kwanza. Hata akili unde ya kwenye simu, inayojibu kwa ufasaha na bila kusita, ichukuliwe hivyo hivyo: iulizwe imeyapata wapi, na kama haiwezi kutaja mahali panapoweza kukaguliwa, mtoto aendelee kutafuta.

Tano, aandike kwa maneno yake na ataje alikoyapata. Kuchukua sentensi za mtu na kuzitia jina lako ni wizi, na amri ya nane haikuacha nafasi kwa wizi wa karatasi. Luka, anapoanza Injili yake, anamweleza Theofilo waziwazi kwamba wengine waliandika kabla yake, kwamba habari zilitoka kwa walioona kwa macho yao, na kwamba yeye mwenyewe amejitaabisha kuchunguza yote tangu mwanzo. Heshima yake haikupungua kwa kuwataja waliomtangulia.

Nyanya na mwanajiolojia

Mtu anaweza kuniuliza: mchungaji, na hadithi za wazee tuzitupe? Hasha. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi Nyaima. Nyanya zetu husimulia kwamba palikuwa na kijiji pale. Mwanamke mzee alifika usiku akiomba pa kujisitiri, watu wakiwa kwenye karamu yao, wakamfukuza. Ni mwanamke mmoja tu aliyemhurumia, na maji yakakimeza kijiji. Wanajiolojia husema ziwa hilo lilitokana na mlipuko wa volkeno ulioacha shimo, likajaa maji ya magadi. Mtoto akileta habari zote mbili, asilazimishwe kuchana mojawapo. Afundishwe kuuliza kila habari inajibu swali gani. Mwanajiolojia anaeleza shimo lilitokeaje. Nyanya anaeleza inakuwaje kwa jamii inayomfungia mgeni mlango, na msomaji wa Mwanzo sura ya 19 analijua somo hilo. Mtoto aandike zote, na kila moja aiandikie ilitoka kwa nani.

Wala tusidhani kumsikiliza mzee ni utafiti wa daraja la chini. Profesa Bethwell Ogot, mwana wa Gem aliyetuaga Januari 2025, aliandika historia ya Waluo wa kusini wakati ambapo wasomi wengi waliamini kuwa watu wasio na maandishi hawana historia. Alizunguka akikusanya masimulizi ya koo, akayalinganisha, akatumia orodha za vizazi kukadiria miaka, kisha kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Alikuwa tayari kulisikia simulizi lile lile kwa watu mbalimbali na kupima yanapokubaliana na yanapogongana. Mtoto wa gredi ya saba anaweza kufanya hivyo kwa kuwauliza wazee wawili wa ukoo mmoja.

Kitabu kinachotutia hofu

Kuna jambo ambalo sitalikwepa. Mtoto wa Homa Bay akianza kutafuta habari za kwao, hatakawia kukutana na mamilioni ya miaka. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata katika kisiwa cha Rusinga fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe, aliyepewa jina Proconsul. Februari 2023 jarida la Science lilichapisha matokeo ya uchimbaji wa Nyayanga, kwenye Rasi ya Homa: zana za mawe zinazokadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwakatwa. Mambo hayo yako katika ardhi tunayolima na kulishia ng'ombe.

Najua wapo wazazi ambao hapo hukifunga kitabu na kumwambia mtoto aache. Nawasihi msifanye hivyo. Mtoto aliyefungiwa kitabu haachi kuuliza. Anaacha kukuuliza wewe. Keti naye, muulize maswali haya matano: watafiti wanauliza nini hasa, walipima kwa njia gani, mwaka gani, nani mwingine amekagua, na wao wenyewe wanakiri nini hawajakijua. Kisha someni Mwanzo pamoja, kwa uchaji. Wazee wa Yerusalemu waliamini unabii, na bado hawakuogopa kumbukumbu za mfalme zifunguliwe. Mithali 25:2 inahesabu kulichunguza jambo kuwa utukufu wa wafalme. Tusilifanye kuwa kosa kwa watoto wa Mungu.

Na kuna mambo ambayo kutoyachunguza kunaua. Katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike na kwingineko Migori, wengi hutumia zebaki kukamata chembe za dhahabu, kisha huichoma ili ipotee. Mvuke wake hauonekani kuwa adui, lakini hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Mwanafunzi aliyeandika ukurasa mmoja wa kweli kuhusu zebaki, akaurudisha nyumbani na kuwasomea wazazi wake jioni, ameifanyia familia yake kazi ambayo ukurasa wa saiba usiosomwa haungeweza kuifanya.

Sehemu yetu

Kanisa lina pa kuanzia, tena bila fedha. Watoto wetu wa Shule ya Jumapili wanajua kutafuta tayari. Ukiwaambia Ezra sita, mstari wa pili, watashindana nani afike kwanza: kitabu, sura, aya, katikati ya vitabu 66. Uwezo huo walirahisishiwa na watu waliofanya kazi ya kuchosha kabla yao. Mgawanyo wa sura ni wa karne ya 13, na aya za Agano Jipya zilitiwa namba tunazozitumia na mchapishaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Mtoto anayemwona Ezra kati ya vitabu 66 ana uwezo wa kuiona 597 kwenye rafu. Walimu wa Shule ya Jumapili, ongezeni hatua moja tu: watoto wakishaufikia mstari, waulizeni nani alikuwa akisema, kwa nani, na mahali gani pengine Biblia inalitaja jambo hilo. Ramani zilizoko nyuma ya Biblia zifunguliwe. Na kama kanisa lina chumba kinachohifadhi viti vilivyovunjika, kipewe rafu na kamusi, na mtu mzima wa kuketi na watoto Jumamosi mchana.

Serikali zetu za kaunti nazo zina sehemu yao. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezitaja maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla yake wananchi huitwa watoe maoni. Katika vikao hivyo tumesikika tukiomba barabara na zahanati, na ni sawa. Tuombe na maktaba pia. Watu wa Garissa walianza kupelekewa vitabu kwa ngamia mwaka 1996, hivyo umbali wa Karungu, Ndhiwa au visiwa vya Mbita si sababu ya kukata tamaa. Mnaokwenda kwenye vikao vya Migori na vya Homa Bay, simameni mtaje maktaba kwa jina, na mwulize imetengewa kiasi gani.

Nanyi wazazi, wiki hii mtoto akileta kazi ya shule, msimtume saiba kabla hamjaketi naye. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kumuuliza maswali matatu: umeyapata wapi, yaliandikwa mwaka gani, na nani mwingine anasema hivyo? Asipokuwa na jibu, kazi bado haijaisha. Arudi akatafute, nawe umsubiri. Bwana awape subira ya kuketi nao.